Sura ya Sita: Uzuri wa Unguja Ulilipiwa Wapi?

Watu wa Kigwa, Igalula, Goweko na vijiji vingine vya Uyui wanaojiandaa kwenda Unguja, iwe kwa harusi, kwa masomo au kwa mapumziko tu, huuliza swali moja mara kwa mara: mji ule una nini hasa cha kutazamwa, na je, mtu wa bara ana sababu yoyote ya kuutazama kwa namna iliyo tofauti na mtalii aliyeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya? Sehemu ya kwanza ya swali hili ni nyepesi, kwa kuwa majengo ya Mji Mkongwe, yaani sehemu ya zamani ya Mji wa Zanzibar iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, yanajulikana na yanafikika kwa miguu ndani ya siku mbili. Sehemu ya pili ndiyo inayostahili sura nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zilizojenga mji huo katika karne ya 19 ilitokana na mizigo iliyobebwa mabegani kutoka bara, na njia ya mizigo hiyo ilipita Kigwa.

Vitabu vingi vya utalii huanzia pwani, vikamwelekeza mgeni kwenye bustani, ngome na jumba la sultani, na habari za bara vikaziweka mwishoni kama nyongeza. Sura hii inafuata mwelekeo wa pembe za ndovu: inaanzia bara, inaingia mjini kupitia mlango wa nyuma, na kufika baharini baadaye.

Bandari iliyochaguliwa

Mji wa Zanzibar ni makao makuu ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na haukukua mahali ulipo kwa bahati. Umejengwa juu ya rasi ya Shangani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, ambako maji yana kina cha kutosha merikebu kutia nanga karibu na nchi kavu, na ambako visiwa vidogo vya Changuu, Chapwani na Bawe huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika gatini. Kutoka hapo bara huonekana siku ya anga safi, na jahazi lenye upepo mzuri lilivuka mpaka Bagamoyo kwa muda wa saa chache.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alitambua faida hiyo, na kufikia miaka ya 1840 alikuwa amehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Mwaka 1833 alikuwa ameshatia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akafungua ofisi mjini. Wamarekani hao walitafuta zaidi pembe za ndovu, ambazo baadaye zilipelekwa kwa wingi katika viwanda vya jimbo la Connecticut na kukatwa vipande vyembamba vya kutengenezea vibonyezo vya piano na vitana, na wao wakaleta kitambaa cha pamba ambacho watu wa bara walikiita merikani. Hivyo kinanda kilichopigwa sebuleni Boston kingeweza kuwa na jino la ndovu aliyeuawa magharibi ya Tabora, bila mpigaji kuwahi kusikia jina la Unyamwezi.

Upepo ndio uliopanga ratiba ya bandari. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, unaovuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, uliyarudisha. Bara nako kulikuwa na ratiba yake, kwa kuwa Wanyamwezi walipenda kuteremka pwani wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, na kurejea kabla mvua za kulimia hazijaanza. Mfanyabiashara wa Unguja alifanikiwa au alifilisika kulingana na alivyozioanisha kalenda hizo mbili, moja ya matanga na nyingine ya jembe.

Mizigo iliyopita Kigwa

Msafara, kwa maana ya karne ile, ulikuwa kundi la watu kati ya makumi kadhaa na zaidi ya elfu moja, waliotembea kwa mstari mmoja wakiongozwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia aliyejua visima, vituo na watemi wa kulipwa hongo. Hongo wakati huo haikuwa na maana ya rushwa kama ilivyo leo, bali ilikuwa ushuru halali ambao mtemi alitoza kwa ruhusa ya kupita katika nchi yake. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Usagara na Mpwapwa, ikakata Ugogo wenye ukame, ikaingia pori la Mgunda Mkali, kisha ikafika Tura, Rubuga na Kigwa, vituo vya mwisho mwisho kabla ya Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake ulikua mji wa Tabora.

Richard Burton na John Speke, Waingereza waliokuwa wakitafuta maziwa makuu, walipita Kigwa mwaka 1857 wakafika Kaze, kitongoji cha wafanyabiashara wa Kiarabu huko Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Rubuga na Kigwa zikiwa zimeharibiwa na vita, jambo linaloonyesha kwamba biashara hiyo haikuacha utajiri peke yake katika vijiji ilivyovipitia.

Hapa ipo dhana inayopaswa kusahihishwa, kwa kuwa imeenea hata darasani: kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwepo, tena wengi, na habari zao zinafuata. Lakini sehemu kubwa ya wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walikuwa Wanyamwezi huru waliopatana ujira wao kwa vitambaa, waliodai posho ya chakula kila siku, na ambao hawakusita kutua mizigo na kugoma pale mkataba ulipovunjwa. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, na kwa kuwa frasila moja ni kama kilo 16, mtu alitembea na takriban kilo 32 begani kwa miezi mitatu au zaidi. Kijana aliyerudi kutoka pwani aliheshimiwa kijijini kama mtu mzima aliyekamilika. Kuwaita watu hao wote watumwa ni kuwanyima heshima ya kazi waliyoichagua na kuiweza.

*Kwa ufupi:* bandari ya Unguja ilipata faida kwa kukaa mahali ambapo kalenda ya upepo ilikutana na kalenda ya kilimo cha bara. Ushuru uliotozwa pale ulitegemea mabega ya Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira.

Safari ya leo

Msafiri wa sasa kutoka Kigwa hahitaji kirangozi. Huingia Tabora mjini kwa gari, kisha huchagua kati ya treni ya reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 wakati wa Wajerumani na kuua kabisa kazi ya upagazi wa masafa marefu, na basi la kupitia Itigi, Manyoni na Dodoma. Tangu mwaka 2024 anaweza pia kushuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme ya SGR mpaka Dar es Salaam. Kutoka bandari ya Dar es Salaam, boti ya kasi huvuka mpaka gati ya Malindi kwa takriban saa mbili.

Mambo manne humsaidia mtu anayevuka kwa mara ya kwanza:

- Achukue kitambulisho, kwa kuwa huulizwa wakati wa kukata tiketi na pengine wakati wa kushuka.
- Asile chakula kizito kabla ya kupanda, hasa miezi ya kusi. Bahari ikichafuka, akae sehemu ya chini upande wa nyuma, ambako boti huyumba kidogo kuliko mbele, na aangalie upeo wa macho badala ya simu.
- Avae nguo za heshima mjini, na wakati wa Ramadhani asile wala kunywa hadharani mchana, hata kama yeye hafungi.
- Aulize kiingilio cha raia, kwa kuwa makumbusho mengi huwatoza Watanzania kiasi kidogo kuliko wageni wa nje.

Miezi ya masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, vichochoro hujaa maji na baadhi ya hoteli hufunga, lakini bei hushuka. Mtu asiyeogopa kulowa atauona mji ukiwa wa wenyeji zaidi kuliko wa wageni.

Pa kuanzia: Mkunazini

Akitoka bandarini, mgeni huvutwa na mandhari ya ufukwe aelekee kulia. Mwenye kufuata mwelekeo wa sura hii atakwenda upande wa pili mpaka Darajani, soko lililofunguliwa mwaka 1904, na baada ya kupita harufu za pweza, karafuu na mashokishoki ataingia Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Watu waliouzwa hapa walitoka kwa wingi katika nchi za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, na wengine waliteremka kwa njia ya kati, ile ya Ujiji na Tabora, wakiwa nyuma au mbele ya wapagazi huru katika msafara uleule. Soko lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash bin Said aliutia saini baada ya kutishwa na manowari za Uingereza zilizoletwa chini ya ushawishi wa balozi John Kirk.

Juu ya uwanja huo misheni ya Kianglikana ilianza kujenga kanisa kuu mwaka huohuo wa 1873, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, mtu ambaye pia alitunga sarufi ya Kiswahili na kuzikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882. Inasimuliwa kwamba duara la marumaru lililo mbele ya madhabahu linaonyesha mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Ukutani kuna msalaba mdogo uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Mtu wa Tabora ana haki ya kusimama kidogo mbele ya msalaba huo, kwa kuwa Livingstone aliishi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, na mwaka uliofuata watumishi wake Chuma na Susi waliupitisha mwili wake Unyanyembe wakiupeleka Bagamoyo.

Nje ya kanisa, ndani ya shimo lililojengewa kwa zege, zipo sanamu za watu watano waliofungwa kwa mnyororo wa kweli wa wakati huo. Vichwa vyao viko karibu na usawa wa ardhi, kwa hiyo mtazamaji hulazimika kuwatazama kwa kuinamia. Karibu yake kuna vyumba viwili vya chini ambavyo wageni huelezwa kuwa viliwafungia watumwa. Wanahistoria kadhaa wanatilia shaka maelezo hayo, wakisema kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Msomaji hana haja ya kukasirika wala kubishana na kiongozi wake. Ukatili uliofanyika katika uwanja ule una ushahidi wa kutosha bila vyumba hivyo.

Mawe, boriti na milango

Kutoka Mkunazini kwenda Shangani mgeni hupita katika vichochoro vyembamba ambavyo humpoteza kila mtu, na kupotea huko hakuna hatari mchana, kwani mji ni mdogo na kila njia ndefu huishia baharini au barabara kuu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko zilizoletwa kutoka sehemu kama delta ya Rufiji. Kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita tatu, vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri. Chokaa hiyo huhitaji kupumua. Nyumba iliyopakwa saruji kwa nia njema hufungia unyevu ndani ya ukuta na kuanza kuoza, na hiyo ndiyo sababu moja ya majengo mengi kuporomoka katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Mlango ndio sehemu ambayo mwenye nyumba alionyesha uwezo wake. Inasemekana fremu ilisimamishwa kwanza, ukuta ukafuata. Mlango wa kawaida una mabawa mawili na katikati yake hushuka mfaa, ubao uliochongwa unaofunika mwanya. Juu yake hukaa kizingiti, ambacho katika milango ya mtindo wa zamani wa Kiarabu ni cha mstatili na aghalabu kina maandishi ya Kurani, na katika milango ya mtindo wa Kihindi ya mwishoni mwa karne ya 19 hupinda kuwa nusu duara yenye majani na maua. Misumari ya shaba yenye ncha ni desturi iliyotoka Bara Hindi, ambako inaelezwa kuwa ilikusudiwa kuwazuia ndovu wa vita wasisukume mlango. Unguja hapakuwa na ndovu hata mmoja wa kusukuma kitu. Zilizofika ni pembe zao tu.

Mlango mmoja wa Shangani unamhusu mtu wa Tabora moja kwa moja, nao ni wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo kabla Wabelgiji hawajaimeza. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na undugu huo ulimfungulia Tippu Tip njia ambazo wafanyabiashara wengine walizililia. Alirudi kuzeekea mjini, akaeleza maisha yake kwa Kiswahili katika kitabu ambacho ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za lugha hii, na akafa mwaka 1905. Yeyote anayetaka kuelewa jinsi familia ya kitemi ya Unyamwezi ilivyofungamana na mtaa wa matajiri wa Unguja hana mahali pazuri pa kusimama kuliko kwenye ngazi za nyumba hiyo.

Ufukwe, hatimaye

Baada ya hapo mgeni anaweza kwenda Forodhani, bustani iliyo mahali palipokuwa forodha, yaani ofisi ya ushuru. Watawala wa Unguja hawakukusanya ushuru huo wenyewe. Waliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan, ambao walimlipa sultani kiasi kilichopatanwa na kubaki na ziada. Zahanati ya Zamani, jengo lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi lililoko karibu na Malindi, liliwekewa jiwe la msingi na Tharia Topan mwaka 1887, na kwa maoni ya mwandishi wa sura hii ndilo jengo zuri kuliko yote ya ufukweni, ingawa wengi hulipita wakikimbilia makubwa zaidi.

Lililo kubwa kuliko yote ni Beit el Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na roshani pana pande zote, na kuwa jengo la kwanza mjini kuwa na umeme. Barghash alikuwa amewahi kuhamishiwa Bombay kwa nguvu baada ya jaribio la kumpindua kaka yake Majid, na alichokiona huko alikileta: maji ya bomba, hamamu ya umma ya Hamamni, na ladha ya majumba makubwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga makasri kwa dakika zipatazo 38 ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitangaza sultani. Kasri la jirani likabomoka, Beit el Ajaib ikanusurika. Haikunusurika na uzee: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Mgeni aulize hali ya ukarabati kabla ya kupanga kuingia.

Pembeni yake iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ambayo leo ndani yake hufanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari. Makumbusho ya Kasri nayo yana chumba cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Kisiwa cha Changuu na kobe wake wakubwa hufikika kwa mashua. Ni matembezi mazuri ya asubuhi, hasa kwa wenye watoto.

Jioni Forodhani hugeuka jiko. Mwenye kubana matumizi aulize bei kabla kitu hakijawekwa kwenye makaa, kwa kuwa kamba na ngisi wa pale hulenga mfuko wa mtalii, na asogee kwenye urojo: bakuli la mchuzi mzito wa njano wenye uchachu wa embe au ndimu, ndani yake viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili.

*Kwa ufupi:* ufukwe ni mzuri zaidi kwa aliyekwisha kupita Mkunazini na Shangani, kwa sababu forodha, kasri na zahanati humwonyesha fedha ilikoishia baada ya kuwa ameona ilikotoka.

Ng'ambo na njia ya kurudi

Upande wa mashariki wa Mji Mkongwe, ng'ambo ya hori lililofukiwa baadaye na kuwa barabara, walikaa watu ambao hawakuwa na nyumba za mawe: wachukuzi, mafundi, waliokuwa watumwa, na Wanyamwezi waliokuja kupalilia na kuchuma karafuu, kazi iliyoendelea kuwavuta watu wa Tabora hata katika karne ya 20. Vitabu vya utalii huipita Ng'ambo kwa sentensi moja, na hilo ni kosa. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yanaweza yasimpendeze kila jicho, lakini yanaeleza waziwazi ni nani aliyekusudiwa kupewa mji baada ya masultani.

Msafiri mwenye siku ya ziada arudi kupitia Bagamoyo, ambako yapo majengo yaliyohifadhiwa ya kituo cha misafara na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Njia nzima kutoka hapo mpaka Ujiji imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na vituo vyake ni pamoja na Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Kwihara iko jirani tu na Tabora mjini, na tembe alimoishi Livingstone ni makumbusho. Mwenyeji wa Kigwa anaweza kwenda na kurudi siku moja, na akiwa amekwisha kuona Unguja ataelewa kwa nini nyumba ile iko pale.